Dirisha la Upande wa Kibla

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, kitenge, na keki yenye jina langu lililokosewa herufi mbili, kisha mkaniomba niwaandikie mawili matatu ya kazi. Haya, nimekaa barazani kwangu hapa Ngombezi na daftari la mjukuu. Mkitaka kujua nilipanda daraja lini, faili langu liko masjala, kama panya hawajalimaliza. Mimi nitaandika habari za pumzi, kwa sababu ndizo zilizonishtua toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na mshtuko mmoja bado sijapona.

Siku yangu ya kwanza wodi ya wanaume nilipokelewa na Matroni Felista, mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Akanipa faili nimsajili mzee aliyeteremshwa kutoka Kwashemshi. Mzee ameketi ukingoni mwa kitanda, mabega yamepanda mpaka masikioni, anatweta. Nikamsimamia mbele na kalamu yangu mpya. Jina kamili? Umri? Kijiji? Balozi wako wa nyumba kumi nani? Maskini mzee akajaribu, kila neno analivuta kwa shida, na mimi bila haya nikamwambia, "Ongea kwa nguvu mzee wangu, sikusikii." Nikaona faili linanyakuliwa mkononi.

"Huyu anakosa hewa," Matroni akasema, "na wewe unamtafuta balozi?"

Akavuta kigoda akakaa, macho yake yakawa chini ya macho ya mzee. "Shikamoo baba. Usiitikie. Nikisema kweli nibonyeze kidole, nikikosea niache." Akaweka mto juu ya meza ndogo, akamwinamisha mzee aegemeze mikono na kichwa pale. Kisha akaenda nyuma ya mlango akatoa kipepeo. Ndiyo, kipepeo hiki hiki cha ukindu cha kupepea jiko la mkaa, ila chake kilikuwa kimeoshwa kikanyooka. Akampepea taratibu shavuni na puani. Mimi nimesimama pembeni naona aibu kwa niaba ya hospitali. Nimesoma miaka yote ile nije kupepea watu kama mchoma mahindi! Lakini nilikuwa nimefundishwa kuhesabu pumzi, nikahesabu, na zilikuwa zinapungua. Mabega yakashuka. Nilipigwa na butwaa nikasahau hata kuandika.

Jioni ile nilimkumbuka baba. Baba yangu alifanya kazi kwenye brashi, kule singa za mkonge zinaposuguliwa na vumbi linajaa nyumba nzima, mpaka kifua kikaharibika. Tukiwa watoto hapa, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mkonge, tulimwona akilala ameketi, kifudifudi juu ya meza, na mama akimvuta arudi kitandani: "Lala kama watu, baba Leokadia!" Baba anatii, analala chali, baada ya muda anarudi mezani kwake. Sisi tulikuwa tunacheka. Nilikaa kwenye ngazi za bweni la wauguzi nikalia kwa sauti, na wenzangu wakadhani nimefukuzwa kazi.

Miaka ikapita, nikapelekwa semina ya tiba shufaa, yaani kumhudumia mtu ambaye ugonjwa wake hautapona lakini maumivu na pumzi vinaweza kutulizwa. Basi mkufunzi akatumia asubuhi nzima kutufundisha feni ya mkononi! Hewa inayogusa uso, anasema, inaudanganya ubongo kwamba mtu anapata ya kutosha. Matroni Felista alikuwa ameshastaafu zamani. Nilitamani nimkimbilie nyumbani nimshike miguu. Mchana wakatushtua tena na mofini. Mimi nilijua mofini inaua pumzi, ndiyo maana tuliifungia kwa kufuli mbili. Kumbe kidogo sana, cha kunywa, kwa kipimo cha daktari, kinamtuliza yule anayehangaika kwa kukosa hewa. Nilibisha sana siku ile, mpaka niliporudi na kuona kwa macho yangu.

Ndipo nikaanza kazi ya majumbani, Korogwe na Handeni, juu ya pikipiki ya idara iliyokuwa inawaka ikijisikia. Begani nina begi: dawa, daftari, vipepeo viwili, na kitambaa cha kulowesha uso. Wagonjwa wa saratani, wa moyo, wa mapafu. Nataka niwaambie adui yenu ni nani, wala si ugonjwa peke yake. Ni blanketi. Mtu anakosa hewa, ndugu zake wanaziba dirisha, wanaziba mpaka mwanya wa chini ya mlango, eti asipigwe baridi, kisha wanaingia watu kumi na tano kumpa pole, na kila mmoja anamwuliza "Unajisikiaje?" na anasubiri jibu. Watoeni. Kwa upole, lakini watoeni. Mfundisheni mgonjwa kutoa pumzi polepole, midomo imebana, anavyopuliza chai ya moto. Kiti cha msalani kisogezwe karibu. Ukimpa mofini, mpe na dawa ya kulainisha choo, vinginevyo atakulaani, na atakuwa na haki.

Sasa nije kwa Bi Zaina.

Bi Zaina alikuwa mama wa Kizigua, mjane, mzaliwa wa Handeni aliyeolewa Kwamndolwa, zaidi ya miaka sabini, moyo umechoka na mapafu yanajaa maji. Alikuwa na mdomo huyo! Siku ya kwanza nimemwamkia, akanitazama juu mpaka chini akasema, "Marahaba. Umekuja kunitibu au kunipima sanda?" Aliishi na mwanawe Mhina, fundi mwashi, na mkewe Mhina, Mwajabu. Nyumba Mhina aliijenga mwenyewe, na chumba cha mama kilikuwa na dirisha moja dogo linalotazama njia. Tulimweka kwenye kiti cha mbao chenye mikono, mito nyuma na mbele, mguu wa kiti umbali wa hatua moja kutoka dirishani. Mwajabu nilimfundisha kupepea. Dawa ya kukojoa, mofini kidogo kwa saa alizopanga daktari. Akatulia, akaanza kusimanga majirani kupitia dirishani, nami nikajua tunaenda vizuri.

Ziara ya nne, Mhina akanisindikiza. Tukasimama mlangoni pa chumba cha mama. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, hiyo siku yenyewe nitaijuaje?"

Ni swali zuri, na nilijiona mtu wa kujibu. Nikamwambia, "Ukiona anahema kwa kukatakata, haongei, macho yanapanda juu, ujue safari imekaribia. Hapo msihangaike. Fanyeni tu kama dini yenu inavyoelekeza."

Mimi ni Mkristo. Nimekua kambini na Waislamu, tumekula pamoja, tumezikana, nilidhani nawajua. Lakini majirani wa dini nyingine tunaitwa mtu akishafariki. Kile kinachofanyika chumbani kabla sikuwahi kukiona hata mara moja. Nikatamka neno "inavyoelekeza" bila kuuliza inaelekeza nini. Nikapanda pikipiki, na kwenye daftari nikaandika: familia imeelimishwa.

Alhamisi iliyofuata nikafika saa nne asubuhi. Nje kuna watu. Kuna sufuria kubwa la msiba limewekwa juu ya mafiga matatu, kuni zimepangwa, bado hazijawashwa. Kina mama wa ukoo wake kutoka Handeni wameketi jamvini, wamejifunika kanga. Nikasema, basi, Bi Zaina ametutoka.

Mwajabu akanipokea machozi yanamtiririka. "Bado, sista. Anakata roho toka alfajiri."

Toka alfajiri! Nikaingia. Dirisha limefungwa. Ubani unafuka chetezoni, moshi umejaa mpaka darini. Watu nilioweza kuwahesabu ni kumi na wawili, wanasoma Yasini, wengine wanalia. Na Bi Zaina, ambaye kwa miezi miwili hakuweza kulala hata kwa mito mitatu, amelazwa chali sakafuni juu ya mkeka, mto umeondolewa, miguu imeelekezwa kibla. Uso umekuwa wa kijivu. Mdomo uko wazi. Anavuta hewa na kifua kinatoa mlio wa maji. Macho yake yaliponiona hayakupanda juu. Yalinikodolea!

Yule hakuwa anakufa, alikuwa anazamishwa. Kumlaza chali ndiko kulikompandisha maji, maji yakamfanya aheme vibaya, na kadiri alivyohema vibaya ndivyo walivyosadiki kwamba ndiyo sakarati ya mauti, wakazidisha ubani. Dawa za asubuhi hawakumpa. Za nini tena?

Nilipiga kelele ambazo Matroni Felista asingezikubali. "Mwinueni! Fungueni dirisha! Hicho chetezo toeni nje!"

Mwe! Chumba kikalipuka. Shangazi mmoja akanishika mkono: "Wewe si wa dini hii, utamgeuzaje mtu katikati ya sakarati?" Mhina amesimama katikati, mikono wazi, hajui amsikilize nani. Na mimi nilijua nikimgusa Bi Zaina kwa nguvu na akafa mikononi mwangu, nyumba ile haitamsikiliza nesi tena, wala mtaa ule.

Aliyetuokoa ni maalimu wa madrasa, mtu mpole mwembamba aliyekuwa anaongoza kisomo. Akakikatisha, akaniuliza, "Unataka akae vipi?"

"Aketi, ainame mbele juu ya mito."

"Aketi akielekea kibla?"

"Aketi akielekea popote mnapotaka, maalimu, ila aketi!"

Akawageukia watu. "Asiyeweza kusimama anaswali ameketi. Na hata huyo wa kulazwa chali, kichwa kinainuliwa. Nani amemtoa mto?" Akamtazama Mhina. "Mhina, mnyanyue mama yako."

Mhina akambeba peke yake. Tukamketisha, nikapiga magoti mbele yake, mito juu ya stuli. Nikampigia daktari, akaniruhusu, nikamdondoshea mofini ndani ya shavu, na dawa ya kukojoa ikafuata alipoweza kumeza. Mwajabu akashika kipepeo. Watu wakatoka wote isipokuwa maalimu, aliyehamia mlangoni akaendelea kusoma polepole. Nikahesabu pumzi. Arobaini na kitu. Nikahesabu tena. Ilichukua muda mrefu kuliko saa yoyote niliyowahi kukaa kwa magoti, na wakati adhana ya adhuhuri inaadhiniwa rangi ilikuwa imemrudi, mabega yameshuka.

Akafumbua macho. Akatazama dirishani, kule nje. Neno lake la kwanza, kwa kukatakata: "Sufuria... la nani... hilo?"

Mwajabu akaangua kicheko na kilio kwa mpigo. Bi Zaina akapumzika kidogo, kisha akasema, "Nilikuwa nasikia. Yasini yote. Nilitaka kuwaambia fungueni dirisha. Pumzi ya kusemea sina."

Hakuna aliyecheka tena. Mhina alitoka nje, na huko nje akakutana na ndugu zake. Nikawasikia kupitia dirisha lile lile. "Umetaka kumzika mama yako mzima!" "Umetuita kutoka Handeni tuje kuona aibu hii?" Mhina hakusema, "Sista ndiye aliyeniambia." Alisimama tu kando ya sufuria. Na mimi, nesi wa miaka yote hiyo, nikafunga begi langu, nikaaga, nikapita katikati yao, nikaondoka. Nisiwafiche. Niliogopa.

Sikula siku mbili. Nilirudi Jumamosi, siku ambayo si ya zamu yangu, nikamkuta Bi Zaina kitini, anapepewa. Nilipotaka kumwamkia, akainua kidole ninyamaze. Akamwambia Mwajabu atupishe.

"Nesi," akasema, "mimi nimechoka moyo. Masikio hayajachoka."

"Ndiyo mama."

"Ulisimama pale." Akaonyesha mlango. "Ukamwambia mwanangu. Kuhema. Macho. Dini yenu." Akapumua midomo imebana, kama nilivyomfundisha. "Nilikuwa nasubiri. Nione kama utasema."

Yaani siku ile, amelala chali anazama, alikuwa anajua ni maneno ya nani yaliyomlaza! Na kwa siku mbili alisikia mwanawe akitukanwa, akanisubiri mimi.

Nikamwita Mhina, Mwajabu, na wale shangazi waliokuwa hawajarudi Handeni. Nikasema nikiwa nimekaa chini. Nikawaambia mimi ndiye niliyempa Mhina dalili nusu nusu. Kwamba mtu wa moyo anaweza kuhema hivyo na bado akarudi. Kwamba nilipaswa kumwambia kwanza amketishe, afungue dirisha, ampe dawa, anipigie, na sikumwambia. Kwamba nilitaja dini yao bila kuuliza inawataka wafanye nini. "Mhina alifanya nilichomwelekeza. Kosa ni langu."

Shangazi aliyenishika mkono akaniuliza, "Sasa siku ile ulikuwa unatufokea nini?"

Mhina hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu: "Sista, ningemuua?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia, "Tungemuua. Wewe na mimi."

Bi Zaina akagonga mkono wa kiti. "Imekwisha. Hakuna wa kunigeuza. Mpaka niseme mimi."

Mhina alikuwa anautazama ukuta wa kaskazini. Ndio uliokuwa upande wa kibla, ukuta mtupu. Mama akielekezwa huko, dirisha linabaki mgongoni na hewa haimfikii usoni. Jumatatu akanipigia: anataka kutoboa dirisha pale. Nikashtuka, nikafikiria vumbi. Tukapanga. Tukamhamishia mama barazani kwa jirani na kiti chake, Mhina akalowesha ukuta maji ndoo kwa ndoo, akachomoa tofali moja moja kwa mkono bila kupiga nyundo, akafagia kwa maji. Akakosa fremu, akaning'iniza kanga. Mama aliporudishwa akaangalia tundu lile, akasema, "Mwashi mzima. Limekaa upande."

Kwa wiki tano likawa neno lake la kila siku. Mhina akiingia, "Limekaa upande." Mhina anachukua timazi, anapima, anamwonyesha. "Timazi yako nayo imelewa." Kiti kikabaki kwenye dirisha la zamani la njiani, hataki kukigeuza. Nilizoea nikifika nauliza, "Vipi mama, la kaskazini?" naye ananijibu, "Si leo, nesi." Kidogo kidogo majibu yakafupika. Kisha akawa anajibu kwa kidole tu, na mofini ikaongezwa kidogo, na miguu ikavimba mpaka magotini.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya swala ya alasiri. Hakuna aliyeniita, nilikuwa kwenye zamu yangu ya kawaida, nimekaa kwenye kigoda namhesabia pumzi. Zilikuwa zinakuja mbili tatu, kisha kimya, kisha tena. Hakuwa anahangaika. Mhina aliniangalia, anataka niseme, nami nikaziba mdomo. Sikuwa na haki ya kusema neno lile mara ya pili.

Bi Zaina akafumbua macho. Akaninyooshea kidole mimi. Kisha akamnyooshea Mhina. Kisha akakizungusha kidole polepole kuelekea kaskazini.

Nilisita. "Mimi, mama?" Nikamtazama maalimu, aliyeitwa na Mwajabu, akatikisa kichwa kukubali. Basi nikashika mkono mmoja wa kiti, Mhina akashika mwingine, tukamwinua na kiti chake na mito yake, tukamgeuza. Mwajabu akaifunga kanga pembeni. Hewa ikaingia kutoka milimani, ikamgusa usoni moja kwa moja, kipepeo hakikuhitajika tena.

Akalitazama dirisha. Akakusanya pumzi, nikaona kabisa anavyozikusanya, nikataka kumwambia asijichoshe.

"Mhina," akasema. "Limenyooka."